Kamera Isiyo na Mdomo

Dada Atija,

Ama baada ya salamu, sisi huku Mocímboa wazima, mvua imenyesha kiasi, na bati la nyumba yako halivuji tena. Wewe sikuulizi hali. Hali yako anaijua Mwenyewe, na kazi yetu sisi ni kukuombea tu. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu sokoni, nimekalia furushi la vitambaa vya kapulana, mchana huu ambao wateja wote wamelala. Najua barua haifiki. Lakini kila linalotokea tangu uondoke nimekuwa nikilisimulia kichwani kama ninayekueleza wewe, na kichwa kimejaa. Bora niliandike nilitue.

Habari kubwa ni kwamba Sifa ameolewa. Momade yule yule, mtoto wa fundi cherehani, hakuna aliyembadilisha. Baba yake Sifa alikuja kutoka Pemba ya mkoani kwetu, akamwozesha mwanawe, akala, akarudi kwa yule mke wake mwingine. Mambo ya nje yalikwenda salama. Lakini nakujua, hutauliza mahari wala pilau. Utauliza ni nani aliyempiga picha mwanao kule ndani kwa wanawake.

Nilimpiga mimi. Cheka tu, nakusubiri.

Sasa nianze mwanzo, maana hukuwa ukimvumilia mtu anayeishika hadithi mkiani. Ulimwahidi Sifa tangu ana meno ya utoto kwamba siku yake utampiga picha wewe mwenyewe, huko ndani, na kwamba picha hizo hataziona mtu ila atakayemtaka yeye. Ulipofariki ahadi ikabaki inaning'inia. Mtoto hakulalamika. Unamjua, kimya chake ni kama chako. Ila siku moja tulikuwa tunakunja kapulana hapa kibandani, yeye ncha hii na mimi ncha ile, akaniuliza, "Mama mdogo, basi mimi sitakuwa na picha?" Nikamwambia avute vizuri, kitambaa kinakunjika vibaya.

Utasema simu zimejaa mji mzima, picha ni kitu gani. Hukuwahi kuona yaliyompata binti wa jirani yetu wa nyuma. Kwenye harusi ya rafiki yake alicheza ngoma ya tufo kichwa wazi, nywele zimeachiwa, kama tunavyocheza tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Mmoja akachukua video kwa simu. Asubuhi yake wanaume walikuwa wanaitazama hapa sokoni, hatua chache kutoka ninapokaa, na baba wa binti akiwa mmojawapo wa waliokuwa wakipita. Binti amepelekwa kwa ndugu zake, mji wa Palma. Tangu siku hiyo masomo wa mitaa yote, hao wanaowafunda mabibi harusi, wameafikiana: simu haivuki kizingiti cha chumba cha wanawake. Mlangoni panawekwa sufuria kubwa ya pilau, kila mtu anatumbukiza simu yake, kifuniko kinafunikwa, na bibi mmoja anakaa juu yake. Mpiga picha wa kiume anabaki nje na wanaume wenzake. Ilibaki njia moja tu, mwanamke mwenye kamera ya kweli, ambaye wenzake wanamwamini. Na mwanamke huyo katika mji huu alikuwa wewe.

Waliloliamini kwako ni pindo. Nimelifikiria sana jambo hilo siku hizi. Miaka yote niliyokufuata nikikushikia shuka jeupe la kurudisha mwanga, nilikuona ukimaliza kazi, ukisimama ndani bado, hujavuka mlango, ukaitoa kadi kwenye kamera na kuiweka kwenye kiganja cha mama wa bibi harusi. Mama anaifunga kwenye pindo la kapulana yake, mahali pa kufungia hela. Ndipo unatoka. Fungate likiisha unakwenda kwake na kompyuta yako, anafungua fundo, mnakaa wawili, anakuonyesha kwa kidole: hii ichapwe, hii ifutwe, hii abaki nayo mtoto tu. Ulikuwa ukisema, "Picha ni zao, langu ni jasho." Hakuna aliyewahi kukudai picha iliyopotea njiani.

Kamera yako ya zamani unajua ilivyoishia. Ulikuwa ukiilaza ndani ya debe la mchele, imefungwa kitambaa, ili unyevu wa pwani usiiguse, na sisi watu wa nyumbani tulizoea kukutana na kamera tukitafuta chakula. Tulipoukimbia mji wakati wa mapigano ulibeba mtoto, Msahafu na sufuria. Debe likabaki. Tuliporudi bati lilikuwa limechukuliwa, mvua ilikuwa imeingia ipendavyo, na mchele ulikuwa umeoza ukaikumbatia kamera kama saruji. Uliigonga kwa mwiko. Ukasema, "Hii imeiva, leteni mchuzi." Tulicheka mpaka jirani akaja kutazama kuna nini. Ukasema utanunua nyingine mambo yakitulia. Mambo yakatulia kidogo, figo zako hazikutulia.

Fedha ya kamera uliiacha, hiyo haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kuchagua. Mimi mtu wa nguo. Nipe kitambaa macho yakiwa yamefumba, nitakwambia hiki pamba, hiki kimechanganywa, hiki kitachuja rangi kabla ya Idi. Kamera nilipoishika ilikuwa jiwe tu. Nikaanza kuuliza watu, na nadhani unajua watu wanajibu nini. Kila mmoja ananiambia nitafute yenye megapikseli nyingi. Nami nilikuwa nimeshaanza kuliimba neno hilo, mpaka nikakumbuka siku ulipomfukuza yule mwalimu aliyekuja kukuringia na kamera yake. Alipoondoka ulinigeukia ukaniambia kwa lugha yangu: "Zena, megapikseli ni upana wa kapulana. Uzi ukiwa mbovu, upana wa nini?" Basi nikaacha kuuliza watu. Nikaanza kukuuliza wewe, yaani kukumbuka.

Nikaenda kwa Tomasi, yule aliyekuwa akikuuzia betri, ambaye mama yake kila akija kutoka Pundanhar anamletea mihogo mpaka duka zima linanuka shamba. Nikamwambia nataka kamera ya mtu anayeanza. Akaniuliza ni ya nani. Nilipomwambia ni yangu aliniita kwa jina kamili, akasema, "Mamá Zainabo, basi nitakuletea nyumbani, ujaribu kwa nafasi." Mpole yule kijana, hata kama lugha yake nusu Kireno.

Siku aliyokuja Tomasi, Shangazi Muanacha alikuwepo. Alikwisha kuvuka kutoka Macaloe, maana yeye ndiye somo wa Sifa, na alikuja mapema kumweka ndani na kumsugua msiro. Kila asubuhi anakaa barazani na jiwe lake, anasugua kile kijiti kwa maji mpaka uji mweupe unatoka, anampaka mtoto, na unaobaki anajipaka yeye. Anasema ngozi ya mzee nayo ni ngozi. Kwa hiyo Tomasi alipofungua begi lake barazani, mtu wa kwanza kukaa mbele ya kamera akawa Shangazi, uso wote mweupe, macho na mdomo tu vikionekana.

Alikuwa na kamera mbili. Moja mpya, ndogo, nyepesi, haina kile kioo cha ndani, na kioo chake cha nyuma kinapinduka na kuguswa kama cha simu. Nyingine ilitumika, nyeusi, nzito, mpira wa mahali pa kushikia umechubuka. Aliiita "DSLR ya kuanzia", akanieleza kwamba ni kubwa kwa umbo lakini ndogo kwa cheo. Nami, Dada, nakwambia kweli, moyo ulikwenda kwenye ile mpya. Ilikuwa nzuri. Ningeiweka hapa kibandani watu wangekuja kuitazama tu.

Tomasi akaniambia niielekeze kwa Shangazi, kamera yenyewe itatafuta uso na kuuwekea mraba, mimi nisifikirie kitu. Ikatafuta. Ikamruka Shangazi na msiro wake, ikaenda kuweka mraba kwenye katoni ya sabuni nyuma yake, ile yenye picha ya mwanamke anayecheka. Nikasogea, ikarudi pale pale. Shangazi akataka kujua inatazama nini muda wote huo. Tomasi akamwambia aguse kioo pale penye uso wake. Shangazi akagusa, kidole kimelowa mafuta ya nazi. Kamera haikusikia. Akagusa tena kama anayebonyeza embe. Haikusikia.

Hatimaye nikapiga, nikangoja nisikie. Hakuna kilicholia. Nikapiga tena. Tomasi, kwa fahari, akanieleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa, unapiga kimya kabisa, mtu hajui. Nikamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Tomasi. Alimuuliza kwa upole kabisa, kwani mtu akipigwa picha bila kujua, anayempiga anaitwa nani. Tomasi akajikuna kichwa.

Na bado angeweza kuiuza, nadhani, maana mimi nilikuwa ninaishika bado, laini vile. Lakini akaongeza moja. Akaichukua, akabonyeza mahali, na simu mfukoni mwake ikalia. Akaitoa akatuonyesha. Shangazi Muanacha alikuwa ndani ya simu ya mwanamume, na msiro wake, na kifua kimefungwa kapulana tu, kama alivyokaa. Hakuna waya uliopita. Hakuna aliyeomba.

Shangazi hakupandisha sauti. Alijifunika ushungi, akasema, "Makina hii ina mdomo. Itoeni nje." Tomasi aliifuta ile picha mbele yetu, kwenye simu na kwenye kamera, akaomba radhi kwa Kiswahili chote alichonacho. Ile kamera akairudisha begini. Nikaisindikiza kwa macho, sikuficha.

Ikabaki DSLR. Nikaishika. Ulikuwa ukisema kamera hununuliwa kwa mkono, si kwa jicho, na nilikuwa nikidhani unaringa. Kidole cha shahada kilikwenda chenyewe mahali pa kupigia, gumba likapata pa kupumzika, na uzito wake ukanifanya nikaze viwiko mbavuni kama ulivyokuwa ukikaza wewe. Nikaweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Unajua miaka yote hiyo sikuwahi kuchungulia humo? Siku zote nilikuwa upande wa shuka. Mle ndani kuna giza, na katikati ya giza kuna mtu mmoja tu unayemtazama. Nilielewa kwa nini ulikuwa ukichelewa kutoa jicho.

Nikapiga. Kikalia "kra", kile kioo cha ndani kikipanda na kushuka. Shangazi akaruka, halafu akatulia, akakaa sawasawa. Akasema sasa amejua kwamba amepigwa, na kama anataka kukunja uso au kuufunika atakuwa amepata nafasi yake. Akaomba apigwe tena.

Lakini picha ilitoka mbaya. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama wa maiti, shingo na kapulana vimekuwa makaa. Shangazi akasema kama amekwisha kufa tumwambie. Tomasi akasema labda ni baraza, mwanga mdogo. Mimi nikajua si baraza. Nilikumbuka harusi ile ya Palma, bibi harusi na somo wote wana msiro, na wewe unanung'unika huku unazungusha gurudumu: kamera ni mjinga, inadhani dunia nzima ina rangi ya majivu, ukiionyesha cheupe inakipaka masizi. Kwa msiro lazima uiongezee mwanga, uikatalie. Nikatafuta. Kipo kitufe kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa, karibu kabisa na gumba. Nikakishikilia, nikazungusha gurudumu upande wa kujumlisha kidogo, nikapiga. Uso ukatoka mweupe kama msiro ulivyo, na shingo ikarudi kuwa shingo ya Shangazi, na makunyanzi yake yote, hata kovu la chini ya sikio. Tomasi alikaa akiitazama ile picha. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwenye shuka.

Nikamwomba tochi. Hilo nalo ni lako: lenzi imulikwe kwa nyuma kabla hujaipenda. Nikamulika, nikaona pembeni nyuzi nyeupe nyembamba, kama kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi. Ukungu. Kwetu huku hakuna kitu unyevu hauli. Tomasi akasema ni kidogo, kwenye picha hauonekani. Nikamwambia hata doa la kutu kwenye kanzu huanza kidogo. Hatukugombana. Alichukua ile lenzi ya kuvuta, akaniletea kesho yake nyingine, fupi, haivuti wala haisukumi, kioo chake safi. Mwanzo nilidhani nimepunjwa. Ukitaka mtu aje karibu inabidi wewe ndiye usogee. Lakini chumbani, dirisha moja tu, mlango umefungwa, ile lenzi fupi inakunywa mwanga ambao ile nyingine ingeuomba. Kilichonitatiza ni zile namba zake, namba ikiwa ndogo ndipo tundu la mwanga linapokuwa kubwa. Nililala nazo. Asubuhi nikachukua uzi wa kushonea nikaona si jambo geni, uzi nao namba ikipanda wenyewe unakuwa mwembamba. Tangu hapo sijakosea.

Ndivyo nilivyochagua, Dada. Ukiyatazama vizuri, kila alichokisifu Tomasi kwenye ile mpya ndicho kilichoikosesha. Hii niliyochukua haisemi na mtu nje ya chumba, inapiga kelele inapotazama, vitufe vyake vinakubali kidole chenye mafuta, na ina umri ambao wenye duka wanauonea haya. Sasa inalala kwenye debe la mchele. Nimenunua debe jipya, lenye kifuniko cha kukaza.

Nikajifunza. Nilipiga mikono ya Sifa, kuku, mafungu ya kapulana, Shangazi akisali. Watu wengi niliwakata vichwa. Sifa alikuwa akizitazama na kucheka kwa kufunika mdomo, halafu siku moja hakucheka, akasema hii ningependa mama aione. Ilikuwa picha ya jiwe la msiro tu, lina maji, jua limeliangukia. Nilikwenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Siku yenyewe nikaingia. Simu zilikuwa kwenye sufuria, bibi juu yake. Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau: mimi niko nyuma ya kamera, basi shuka atashika nani? Nilisimama pale nimelikumbatia kama mwehu. Aliyekuja kulichukua ni mama yake Momade, mama mkwe wa Sifa. Mwanamke mrefu, mikono mirefu, alilishika karibu na dirisha bila kutikisika, nami nikajisikia nikisema, "Juu kidogo. Usipumue." Sauti ilikuwa yako. Wengine walisikia pia, maana walitazamana.

Nikampiga Sifa akiwa na msiro wa mwisho, nikampiga msiro ukioshwa, nikampiga hina, nikampiga akivalishwa. Tufo ilipoanza nikapiga na hiyo. Kila "kra" ikilia, mmoja anavuta kapulana, mwingine anainua kidevu, Shangazi Muanacha anakaza shingo. Picha nyingine najua zimeharibika, nilisogea vibaya, mtu alipita. Lakini kuna moja, Sifa ameinamisha kichwa anafungwa mkufu wako, mwanga wa shuka umempata shavuni. Niliiona kwenye kitundu kabla sijaipiga. Hiyo haijaharibika.

Yakaisha. Bibi akaanza kugawa simu. Mimi nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya: nikasimama ndani bado, karibu na kizingiti, nikafungua kile kimlango cha chini ya kamera, nikaitoa kadi. Na nikanyoosha mkono.

Nilikuwa sijalifikiria hilo, Dada. Nakuapia. Nilifikiria lenzi na msiro na namba za tundu, na jambo la kadi halikunijia hata siku moja, kwa sababu miaka yote hakukuwa na la kufikiria hapo. Inakwenda kwa mama wa bibi harusi. Nilinyoosha mkono kwenye mkeka aliokaa Sifa, upande wake wa kulia, mahali pa mama, na pale palikuwa na mto tu.

Mama yake Momade aliutazama mkono wangu. Akaja, akanyoosha wake. Hakuwa na ubaya, nataka ulijue hilo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto sasa ni wa kwao, na yeye ndiye mama aliyebaki, basi ataitunza. Na alikuwa amenishikia shuka tangu asubuhi. Nikamtazama Sifa. Sifa alikuwa anatazama kadi. Uso wake haukuwa na kitu ila ile ahadi uliyomwahidi, kwamba hataziona mtu ila atakayemtaka yeye. Hata bibi wa sufuria akaacha kugawa. Sikuweza kuitoa ile kadi wala kuirudisha.

Shangazi Muanacha ndiye aliyeinuka. Aliichukua kadi kutoka kwangu kwa mikono miwili, akamwambia mama yake Momade kwa heshima zote kwamba zamu yake itafika, wajukuu watakuja. Kisha akanigeukia mimi, akashika pindo la kapulana yangu, akaiweka kadi, akafunga fundo, akalikaza kwa meno yale machache yaliyobaki. Akasema, "Mama mdogo si mama? Mwenyewe ni huyu."

Unajua sikulia siku ya maziko yako. Sanda niliikata mimi, mkono haukutetemeka, na watu wakasema Zainabo ana moyo wa jiwe. Basi pale kizingitini, mbele ya wanawake wote, na kamera ikining'inia shingoni, nililia mpaka Sifa akainuka mkekani na mapambo yake yote akaja kunishika. Bibi harusi haruhusiwi kuinuka. Hakuna aliyemkataza.

Ndiyo hali yetu. Fungate halijaisha, na fundo liko hapa pajani ninapoandika. Sijalifungua. Nalisikia kila nikipima kitambaa, kitu kidogo kigumu. Wateja wanadhani ni hela.

Sifa atakapokuja tutakaa wawili, kwenye kompyuta yako, mahali ulipokuwa ukikaa. Ataonyesha yeye kwa kidole, na mimi nitafuta atakachosema kifutwe, hata kama ni ile ya mkufu. Baada ya hapo kuna harusi nyingine mtaa wa juu. Wamekwisha kuniita, na niliwaambia nitakuja. Nami nakuahidi wewe, Dada Atija: sitavuka kizingiti cha mtu kadi ikiwa ndani ya kamera. Nitaiweka kiganjani mwa mama wa mtoto, nitamngoja mpaka amalize kufunga fundo, ndipo nitoke.

Lala salama, dada yangu. Sasa acha nikunje karatasi hii, kuna mtu anakuja, anashika kapulana kama asiyejua kitambaa.

Mdogo wako,
Zena, mama yake Sifa